Msitu wa Nyani wa Mto Tana: Bustani Iliyo Mlangoni Petu

Wakaazi wa Mombasa wana bustani ya Mama Ngina, na wa Unguja wana Forodhani. Jioni ikiingia, jamaa huwachukua watoto wakapunge upepo wa bahari. Sisi wa Garsen na kingo za Mto Tana tumejaaliwa bustani ya namna nyingine, isiyopandwa na mkono wa mwanadamu. Nayo ni hifadhi ya nyani iliyo baina ya Garsen na Hola. Wataalamu hutoka nchi za mbali kuja kuitazama, hali wengi wetu huipita njiani bila ya kugeuza shingo.

Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua hadi Bahari ya Hindi huko Kipini. Nchi unayoipita huku chini ni kavu, yenye vichaka vya miiba. Lakini kandokando ya maji, udongo unaoletwa na mafuriko umeotesha misitu minene iliyoufuata mto kama ukanda. Ukienda mwendo mfupi kutoka ukingoni, msitu hukoma na ukame huanza.

Ndani ya misitu hii wanaishi viumbe wawili wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani. Wa kwanza ni mbega mwekundu wa Mto Tana, akaaye juu ya miti na kula majani. Wa pili ni mangabi, mwenye kishungi cha nywele utosini, ambaye hushuka chini kutafuta matunda na mbegu. Wote wawili wamo katika hatari kubwa ya kutoweka. Mgeni huona pia ndege wa kila rangi, na mtoni wamo viboko na mamba.

Akina mama watauvutiwa zaidi mkindu. Ukindu wake ndio tunaosukia mikeka na miswala. Matunda na mbegu zake ni riziki kubwa ya mangabi. Mti mmoja, basi, humtandikia mja wa Mungu pa kusujudia na humlisha mnyama wa msituni. Anayevuna majani kwa kiasi huuacha mti hai. Anayeuangusha huwanyima wote wawili.

Hifadhi hii ilitangazwa na serikali mwaka 1976, ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 170. Lakini msitu haukuwa mtupu. Wapokomo walikuwa wakilima kingo za mto tangu zama za mababu, na wafugaji wa Kiorma wakiteremsha mifugo kunywa maji kwa njia ziitwazo malka. Ugomvi wa mipaka haukukoma. Hatimaye wenyeji walikwenda kortini, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Shirika la Wanyamapori, KWS, limeendelea kuulinda msitu, lakini somo lilibaki: mlinzi asiyeshauriana na jirani hulinda kwa taabu.

Somo hili si geni katika Uislamu. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliitenga ardhi ya Naqii, karibu na Madina, ikawa hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslahi ya umma. Sayyidna Umar (R.A.) naye akatenga Sharaf na Rabadha. Alipomweka Hunayy kuwa msimamizi, alimwusia awe mpole kwa watu, aogope dua ya mwenye kudhulumiwa, na awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache kuingia. Matajiri wenye mashamba na mitende wangeweza kujitegemea. Maskini akifiwa na mifugo hana pa kukimbilia. Hivyo hima ilikuwa na mlinzi na mipaka, lakini mnyonge hakufungiwa mlango.

Msitu wetu wahitaji insafu hiyo, na si kutoka kwa serikali peke yake. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu ya mto, likiwemo la Masinga la mwaka 1981, yamebadili mafuriko yanayoustawisha. Hayo yamo mikononi mwa wakubwa. Shoka na kiberiti vimo mikononi mwetu.

Basi, wakati wa kiangazi, barabara ikiwa kavu, wapelekeni watoto. Ulizeni kwanza kwa maafisa wa KWS, mfuatane na mwenyeji aijuaye njia, msiwalishe nyani, na takataka zenu mrudi nazo. Waonyesheni mangabi akila kindu, kisha nyumbani waonyesheni mswala uliosukwa kwa ukindu. Mtoto aliyeviona vyote viwili hatahitaji hotuba ndefu kuelewa amana ni nini.