Japani: Wimbo wa Wavuvi Ulivyorudi Shuleni

Nchini Japani, mazoezi ya viungo na nyimbo viliingia katika shule za kisasa kupitia mlango mmoja. Mwaka 1878 serikali ya Meiji ilifungua chuo cha mazoezi jijini Tokyo na kumleta daktari Mmarekani, George Leland, afundishe. Mkuu wa kwanza wa chuo hicho alikuwa Isawa Shuji, aliyesomea ualimu Massachusetts. Mwaka uliofuata akakabidhiwa pia kamati ya muziki wa shule, hivyo viungo vya watoto na sauti zao vikawa chini ya mtu mmoja.

Vitabu vya nyimbo vilivyotolewa na kamati hiyo vilijaa tuni za Ulaya na Marekani zilizotiwa maneno ya Kijapani. Nyimbo za wakulima na wavuvi hazikuthaminiwa. Mwaka 1886 waziri Mori Arinori akaingiza mazoezi ya kijeshi, na mtoto akafundishwa kusimama wima na kufuata amri. Taifa lilijifunza mengi kwa njia hiyo, lakini kwa maoni yangu lilipoteza kitu kikubwa: wimbo unaozaliwa na kazi ya mikono.

Mfano bora uko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Majira ya kuchipua, samaki aina ya heringi walifika pwani kwa makundi makubwa, na wavuvi walikuwa na wimbo kwa kila hatua ya kazi: wa kupiga makasia, wa kuvuta wavu, wa kuchota samaki kuwatia mashuani, hata wa kukung'uta mayai yaliyonasa nyavuni. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia huku wakivuta kwa pamoja. Wimbo wa kuchota samaki ndio Soran Bushi. Katikati ya miaka ya 1950 heringi walikuwa karibu kutoweka, na kazi iliyouzaa wimbo huo ikafifia.

Wimbo wenyewe haukufa. Huko Wakkanai, ncha ya kaskazini kabisa, shule moja ya sekondari ya chini ilikuwa imesumbuliwa sana na utovu wa nidhamu. Mwaka 1991 ikatungiwa ngoma kwa Soran Bushi iliyoimbwa upya na Ito Takio, kwa midundo ya haraka. Tazama wanavyoicheza: miguu imetanuliwa na kukitwa chini, magoti yamekunjwa, kiuno kimeshuka karibu na ardhi, mikono inavuta kamba isiyoonekana, inapiga kasia, inatupa mzigo begani. Baada ya dakika chache mapaja yanawaka moto. Hakuna mwalimu wa viungo atakayesema hilo si zoezi.

Kutoka Wakkanai ngoma hiyo imeenea nchi nzima, na leo shule nyingi huicheza siku ya michezo. Tangu 2012 dansi ni somo la lazima katika sekondari za chini, pamoja na michezo ya kupigana ya jadi kama judo.

Msomaji atakayefika Sapporo mwezi Juni asikose tamasha la Yosakoi Soran, linalofanyika tangu 1992. Kila kikundi huja na muziki wake, ila mojawapo ya masharti ni hili: ndani yake lazima isikike sehemu ya Soran Bushi.