Maziwa ya Mapacha Njiti

Mama akiruhusiwa kutoka Hospitali ya Machakos Level 5 na mapacha njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, akifika nyumbani, iwe Kathiani au Mwala, hakosi kuambiwa kwamba maziwa ya mtu mmoja hayawezi kutosha watoto wawili. Mama mkwe humwambia hivyo kwa huruma, majirani wakaitikia, na siku ya tatu mama mwenyewe ameshaamini. Jioni hiyo kopo la maziwa ya unga linatafutwa, na pasipo pesa ya kopo, maziwa ya ng'ombe yanatiwa maji. Wanaofanya hivyo wanawapenda watoto hao. Lakini kauli yenyewe si kweli, na kwa mtoto njiti inaweza kugharimu uhai.

Tuanze na hesabu. Baada ya juma la kwanza, mtoto njiti huhitaji takriban mililita 160 za maziwa kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Tuseme mmoja ana kilo 2 na mwenzake kilo 1.8. Wa kwanza atakunywa mililita 320 kwa siku, wa pili 288. Jumla yao ni kama mililita 600. Mtoto mmoja tu aliyezaliwa kwa wakati, akifikisha mwezi au miwili, hunywa karibu mililita 750. Kwa hiyo mapacha hawa wote wawili, kwa sasa, wanahitaji maziwa machache kuliko mtoto mmoja mnene wa jirani. Wakilishwa kila baada ya saa tatu, kila mmoja anahitaji mililita 40 au pungufu kidogo, yaani vijiko vya mezani viwili na nusu hivi.

Na watakapokua? Mwaka 1986 watafiti wa Australia Magharibi, akiwemo Peter Hartmann, walichapisha vipimo vya maziwa ya kina mama wanane waliokuwa wakinyonyesha mapacha, na mmoja aliyekuwa akinyonyesha watoto watatu. Katika mwezi wa sita, kina mama wa mapacha walikuwa wakitoa kati ya gramu 840 na zaidi ya kilo mbili kwa siku. Yule wa watoto watatu alifikia kilo tatu watoto wake wakiwa na miezi miwili na nusu. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yakitoka, huongeza, yakibaki ndani, hupunguza. Tena kila titi hujipimia lenyewe, ndiyo maana moja laweza kupungua na la pili likaendelea kujaa.

Hapo ndipo mtoto njiti anapokwama. Kunyonya ni kazi ya kupanga mambo matatu kwa zamu: kuvuta, kumeza, kupumua. Mpango huo huanza kukomaa karibu na wiki ya 34 ya mimba, na hata aliyefika umri huo huchoka upesi. Anavuta mara chache, analala. Mama anadhani ameshiba, kumbe amechoka. Maziwa yanabaki, titi linapunguza, na baada ya siku chache maziwa yanakuwa machache kweli. Mama mkwe aliyesema maziwa hayatoshi hakudanganywa na macho yake. Alichokosea ni sababu.

Basi mama inabidi ayatoe mwenyewe. Akamue kwa mkono, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, titi moja kisha la pili, mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, na akianza saa za kwanza baada ya kujifungua ni bora zaidi. Dang'a ikitoka matone tu, matone hayo yasidharauliwe, apewe mtoto. Tumbo la njiti ni dogo. Kabla ya kumlisha kwa kikombe, amweke mtoto titini, ajifunze kunyonya, kisha amalizie kwa maziwa aliyokamua.

Nasema kikombe, si chupa yenye chuchu. Hospitali za Nairobi, Kenyatta ikiwemo, zilikuwa miongoni mwa zilizoanza mapema, katika miaka ya 1980, kuwalisha watoto wadogo maziwa ya mama zao kwa kikombe. Mtoto aketishwe wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu, naye ayalambe kwa kasi yake. Usimmiminie. Kwa familia za Yatta au Masinga, ambako maji hutafutwa mbali, kikombe kilicho wazi kina faida nyingine: huoshwa na kuchemshwa kwa urahisi, ilhali chuchu hubakiza uchafu usioonekana.

Kuhusu kopo: mwaka 1990 Alan Lucas na Tim Cole wa Uingereza waliandika juu ya watoto njiti 926. Ugonjwa unaoozesha matumbo yao uliwapata waliolishwa maziwa ya kopo pekee mara 6 hadi 10 zaidi ya waliopewa ya mama pekee. Na tangu 1978, utafiti wa Toronto ulionyesha kwamba maziwa ya mama aliyejifungua mapema huwa na protini zaidi katika majuma ya mwanzo. Maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa figo changa, na ukiyatia maji unamnyima mtoto nguvu. Ikiwa mama ni mgonjwa au maziwa hayaji kabisa licha ya kukamua, cha kumpa mtoto kiamuliwe na daktari, si na duka.

Chakula pia hupotea kwa baridi. Mwezi wa saba Machakos, mtoto asiye na mafuta mwilini huchoma alichokula ili apate joto tu. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama ilivyoanza kufanywa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti uliochapishwa 2021, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuwabeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo. Mapacha wawili wanaenea kifuani pa mama. Baba akimchukua mmoja, mama atapata nafasi ya kulala.

Wapimwe kliniki kila juma. Mtoto wa kilo 2 aongezeke gramu 25 hadi 30 kwa siku. Ulizia matone ya madini ya chuma mapema, maana akiba yao ni ndogo. Akikataa kula, akipumua kwa haraka, akipoa mwili, akitapika kijani au tumbo likivimba, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali.

Kwa ninyi mnaoishi na mama huyu: kukamua na kulisha watoto wawili kunaimaliza siku nzima na sehemu ya usiku. Mchotee maji, mpikie, muoshee vikombe, na jembe lake alishike mwingine mpaka watoto wapate nguvu ya kunyonya wenyewe.