Wanafunzi wa Pande Mbili za Mpaka: Je, Mfanyakazi Anahusika?



Wapo wenzetu wanaoona kwamba habari za vyuo vikuu si za kuandikwa katika ukurasa huu. Ukurasa wa wafanyakazi, wanasema, ni wa mishahara, saa za kazi, na fidia ya mtu aliyeumia kwenye mashine. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini ukiwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa hapa Gisenyi mwaka 1957, au mchuma chai wa Pfunda, au mbeba mizigo wa mpakani, yamkini una mtoto, mdogo wako au mpangaji ambaye jioni anakwenda chuoni. Na wengine wanaokwenda ni sisi wenyewe, tukishatoka kazini. Chuo Kikuu Huria cha Kigali, yaani ULK, kilianzishwa mwaka 1996, kimejulikana kwa masomo ya jioni kwa watu wenye kazi, na kina tawi lake hapa Gisenyi.

Katika darasa moja la chuo mjini kwetu unaweza kukuta mtoto wa Rubavu aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, kijana wa Goma aliyesoma kwa Kifaransa mpaka sekondari, Mrundi, na mtu mzima aliyezaliwa ukimbizini Uganda au Tanzania, ambaye wazazi wake walirudi baada ya 1994. Kwa upande wa pili, vijana wa Rwanda nao wamekuwa wakivuka kwenda kusoma Goma, katika Chuo Kikuu cha Goma au katika Chuo Kikuu Huria cha Nchi za Maziwa Makuu, ULPGL, kilichoanzishwa mwaka 1985. Jambo hili si geni. Mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, kati ya Zaire, Rwanda na Burundi, ulitiwa sahihi hapa hapa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976. Watu wa nchi hizi walikuwa wakivukiana kabla ya mkataba huo, na wanaendelea kuvukiana.

Sasa, kuwasaidia wanafunzi wa asili mbalimbali ni jambo gani hasa, na kwa nini chama cha wafanyakazi kilitazame? Kwanza turudi nyuma kidogo.

Mwezi Februari 1973, katika Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare na katika shule nyingi za sekondari, yalibandikwa ukutani majina ya wanafunzi Watutsi, wakitakiwa waondoke. Wengi walifukuzwa na wenzao wa bweni moja, wakakimbilia Burundi, Zaire na Uganda. Mambo hayakuishia shuleni. Karatasi za namna ile ile zilibandikwa kwenye milango ya maofisi na makampuni, na wafanyakazi Watutsi wakaambiwa wasirudi kazini. Mfanyakazi aliyesema mambo ya wanafunzi hayamhusu alikuta jina la jirani yake wa mashine limebandikwa getini. Hatukumbuki kusoma kwamba waajiri walipinga kwa nguvu.

Mwezi Julai mwaka ule ule utawala ukabadilika, na baadaye ukaja mpango ulioitwa iringaniza, wa kugawa nafasi za shule na za kazi kwa hesabu ya kabila na mkoa. Ulielezwa kuwa ni mpango wa haki. Hapa yatupasa kusema kweli: mkoa wa Gisenyi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopendelewa. Hata hivyo nafasi za sekondari za Serikali zilikuwa chache mno kulinganisha na watoto waliomaliza shule ya msingi, na mchuma chai asiyejuana na mkubwa yeyote hakuwa na sababu ya kusherehekea. Alichopewa ni mtu wa kumlaumu. Mtoto akikosa nafasi, baba alifundishwa kumtazama Mtutsi au mtu wa kusini, asiulize kwa nini shule ni chache. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, mpango huo ulifutwa na kabila likaondolewa katika vitambulisho.

Wako wanafunzi waliolipa kwa damu ili hesabu hiyo isirudi. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Sita wakauawa, wengine wakajeruhiwa. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika orodha ya mashujaa wa Taifa, daraja la Imena. Walikuwa watoto wa shule, na hawakuwa na chama wala katibu wa tawi wa kuwaambia la kufanya.

Basi tuje kwenye mambo ya leo, ambayo hayana kelele kama hayo lakini ndiyo yanayomfanya mwanafunzi aache chuo.

La kwanza ni lugha. Mwaka 2008 Serikali ya Rwanda iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Kijana wa Goma aliyesoma uhasibu kwa Kifaransa anaijua kazi, ila hajui majina ya kazi. Anakaa darasani kimya, mwalimu anadhani ni mvivu, mwezi wa tatu anaacha. Dawa yake inajulikana: masomo ya lugha kabla ya masomo yenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa tena mwaka 1995, kilikuwa na wanafunzi waliosoma kwa Kifaransa na waliorudi kutoka nchi za Kiingereza, na kikawafundisha kila kundi lugha ya wenzao. Chuo kinachopokea karo ya mgeni bila kumpa hata saa chache za lugha kwa wiki kinafanya biashara tu. Na kuna Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hapa Gisenyi ndicho kinachowakutanisha wote. Lakini nacho kina fitina zake: Kiswahili cha Goma huchekwa na aliyekulia Tanzania, na cha Mnyarwanda huchekwa na wote wawili. Wenye kucheka hudhani ni utani. Anayechekwa huacha kuuliza maswali.

La pili ni karatasi. Cheti cha kumaliza sekondari ambacho Kongo huitwa D6 na huku wengi hukiita A2 si kitu kimoja machoni pa karani wa chuo. Lazima kipate kutambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu, na kazi hiyo inataka muda na nakala zilizothibitishwa. Mkongomani wengi wao hutumia kadi ya mpiga kura kuwa kitambulisho. Jetoni ya mpakani, ile anayopewa mkazi wa karibu ili avuke na kurudi siku hiyo hiyo, inamfaa mwuza nyanya. Haimfai mtu anayetaka kupanga chumba kwa miaka mitatu. Kuhusu karo, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba nchi wanachama ziwe eneo moja la elimu ya juu, na shabaha mojawapo ni kwamba mwanafunzi wa nchi mwanachama asitozwe kama mgeni wa mbali. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo mzazi wa Goma anayetajiwa karo ya wageni anayo haki ya kuuliza, na aulize kabla ya kulipa, apewe jibu kwa maandishi.

La tatu ni saa. Mwezi Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa pale Petite Barrière, mpaka ulianza kufungwa saa tisa alasiri. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi wa jioni. Ikiwa darasa linaanza saa kumi na moja, ama alale Gisenyi ama aache chuo. Waliokuwa na ndugu Mbugangari walipata pa kulala. Wasio na ndugu walitafuta chumba, na wenye vyumba, tuseme wazi, wengine ni wanachama wetu.

Hapo ndipo linapokuja jambo la nne, nalo ni gumu kuliko yote, la kushukiana. Mlima Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia kwetu kwa maelfu, na watu wa Gisenyi wakawafungulia milango. Lakini vita havifanyi kama mlima. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, mabomu yaliangukia pia Rubavu na watu wakauawa. Siku kama hizo mwanafunzi wa Goma aliye Gisenyi huulizwa maswali kana kwamba yeye ndiye aliyefyatua bomu, na Mnyarwanda aliyeko Goma huangaliwa kama mpelelezi. Tunajua sote mambo kama hayo huanzaje: jina, lafudhi, halafu orodha.

Vyuo vingi hufanya sikukuu ya utamaduni. Hatuna ugomvi nayo. Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2021, ngoma za Burundi mwaka 2014, na Intore ya Rwanda mwaka 2024. Zote tatu zaweza kuchezwa uwanja mmoja jioni moja hapa Gisenyi, na ni wapi pengine pana bahati hiyo? Ila chuo kinachompigia makofi Mrundi akipiga ngoma Jumamosi, na Jumatatu kikamfukuza kwenye mtihani kwa sababu kibali chake kimechelewa siku mbili, hakijamsherehekea mtu.

Tawi lolote la chama laweza kufanya machache bila kungoja ruhusa ya chuo. Mwanachama mwenye chumba asimpandishie kodi mpangaji kwa sababu tu ametoka ng'ambo ya pili. Anayejua Kiingereza cha ofisini amkalishe kijana wa Kifaransa saa moja Jumapili. Naye atafundishwa kitu. Wafanyakazi wanaosoma jioni waombe kwa mwajiri, kwa pamoja na kwa barua ya tawi, zamu isiyogongana na mitihani, na barua hiyo imtaje Mkongomani aliye katika zamu hiyo sawa na wengine. Na ofisi ya tawi iweke daftari la vyumba ambavyo mwanafunzi anaweza kulala usiku mmoja mpaka unapofungwa ghafla: jina la mtaa, idadi ya vitanda, na saa ya mwisho ya kugonga mlango.