Je, Wajua? Yai Likikosekana, Keki Bado Huumuka

Wahenga walisema ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Katika kuoka, msemo huo una sharti lake: kabla ya kubadilisha kitu, jua kwanza kilikuwa kinafanya kazi gani ndani ya unga. Ukishaijua kazi, wa kuifanya hakosekani, na mara nyingi yumo kabatini mwako.

Beking pauda ilibuniwa kwa ajili ya mke

Alfred Bird alikuwa mfamasia mjini Birmingham, Uingereza. Mkewe, Elizabeth, alidhurika kila alipokula mayai, na hamira nayo hakupatana nayo. Mwaka 1837 Bird alimtengenezea kastadi ya wanga wa mahindi isiyo na yai hata moja. Mwaka 1843 akabuni beking pauda yake, ili mke apate mkate ulioumuka bila hamira. Kilichoanza kama mbadala wa nyumba moja sasa kimeandikwa kwenye resipe kama kiungo cha kawaida, na ni sisi tunaokitafutia mbadala.

Majarini ilizaliwa kwa agizo la mfalme

Napoleon III wa Ufaransa alitaka mafuta ya bei nafuu ya kuchukua nafasi ya siagi kwa askari na maskini, akaweka tuzo. Mwaka 1869 mkemia Hippolyte Mège-Mouriès alileta jibu: mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na maziwa. Majarini ya leo kwa kawaida hutokana na mafuta ya mimea. Lakini soma kopo kabla ya kuoka. Ile inayofaa ina mafuta yapata asilimia 80, sawa na siagi. Zile laini za kupaka kwenye mkate mara nyingi zina maji mengi zaidi, na biskuti zake hutandaa kwenye trei.

Mafuta ya maji hayapimwi kikombe kwa kikombe

Kwa kuwa, ukiondoa mafuta, sehemu kubwa ya kile kinachobaki kwenye siagi ni maji, kikombe kimoja cha siagi hubadilishwa kwa robo tatu ya kikombe cha mafuta ya kupikia. Samli nayo imeshakaushwa maji, kwa hiyo ipunguze vivyo hivyo. Faida ya mafuta ni keki laini isiyokauka upesi. Hasara ni kwamba siagi ikipigwa na sukari hunasa hewa inayoisaidia keki kupanda, na mafuta ya maji hayawezi kazi hiyo.

Yai ni mfanyakazi mwenye vyeo vitatu

Hushikanisha unga, huongeza unyevu, na hupandisha. Yai la kawaida bila ganda lina uzito wa gramu 50 hivi, na robo tatu yake ni maji. Ukihitaji unyevu na mshikamano, weka robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa, au robo kikombe cha mtindi. Ukihitaji mshikamano zaidi, loweka kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa kwenye vijiko vitatu vya maji, usubiri hadi zivute kama ute. Mbinu hizi hufaa pale resipe inapotaka yai moja au mawili. Ikitaka mayai manne yapigwe hadi yatoe povu, ndizi haitakuokoa.

Na povu lenyewe? Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa dengu au maharage yakipigwa hutoa povu jeupe kama la ute wa yai. Vijiko vitatu vya chakula vya maji hayo huhesabiwa kuwa yai moja. Ni yale yale tunayoyamwaga kila siku.

Kuna keki isiyo na yai, maziwa wala siagi

Wamarekani waliizoea katika miaka ya uhaba. Changanya unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, kakao vijiko vitatu vya chakula, beking soda kijiko kimoja cha chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Tia mafuta vijiko sita vya chakula, siki kijiko kimoja cha chakula na maji kikombe kimoja. Koroga, kisha peleka kwenye oveni papo hapo, kwa sababu soda na siki zikikutana huanza kutoa gesi bila kumsubiri mtu. Ladha ya siki hutaisikia.

Soda si pauda, na magadi si soda

Beking soda huhitaji kitu kichachu ili ifanye kazi. Beking pauda imebeba uchachu wake yenyewe. Pauda ikikosekana, kila kijiko kimoja cha chai kibadilishe kwa robo kijiko cha soda pamoja na nusu kijiko cha siki au ndimu. Magadi ya kulainishia maharage ni jambo jingine. Yale ya Ziwa Magadi, Kenya, yana baikabonati ya sodiamu, lakini pia yana kabonati, iliyo kali zaidi. Keki yake huelekea kuwa ya manjano, yenye ladha ya sabuni.

Pwani ilioka bila ngano

Unga wa mchele hauna glutini, ule utando unaovutika na kushika hewa kwenye donge la ngano. Mkate wa kumimina umelikwepa tatizo hilo: mchele huloweshwa, husagwa pamoja na tui, hutiwa hamira, sukari na iliki, ukawa rojo la kumiminwa badala ya donge la kukandwa. Somo lake ni kwamba ukibadilisha unga, badilisha na umbo. Muhogo nao hauna glutini. Mwaka 1964 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko, ili nchi zisizolima ngano ya kutosha zioke mkate kwa kuchanganya ngano na mazao yao. Nyumbani, anza kwa kuondoa sehemu moja ya kumi ya ngano na kuweka muhogo.

Sukari haileti utamu pekee

Hushika unyevu na kuipa keki rangi ya kahawia. Ndiyo maana ukiipunguza sana, keki hutoka kavu na nyeupe. Ukitumia asali, kumbuka asilimia 17 hivi yake ni maji, kwa hiyo punguza maziwa kidogo. Punguza pia moto, maana asali huungua mapema.

Hata mji ni kiungo

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo, gesi ya beking pauda hutanuka kupita kiasi. Resipe iliyofana Mombasa hupanda haraka, kisha hubonyea katikati. Punguza pauda kwa robo, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa.

Na katika yote hayo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha yai, siagi na unga siku moja na keki ikakataa, hutajua umlaumu nani.