KEMIKALI ZISIZOOZA NA ZIWA LISILO NA MLANGO: FUNZO LA UFIPA

Madhumuni ya makala hii ni kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla juu ya kundi la kemikali liitwalo PFAS: namna linavyoingia mitoni pamoja na majitaka ya viwandani, jinsi linavyofuatiliwa, na hatua zinazoweza kulipunguza. Mfano tuliouchagua ni uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Msomaji wa visiwani huenda akauliza, Sumbawanga, mji ulio mbali na bahari, unamhusu nini? Jawabu ni kwamba jambo hili huonekana wazi zaidi mahali ambapo maji yanaingia na hayana pa kutokea.

Uwanda wa Ufipa umekaa baina ya maziwa mawili. Magharibi yake liko Ziwa Tanganyika, na mashariki, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, liko Ziwa Rukwa. Mvua inyeshayo juu ya uwanda huo hugawika. Mto Kalambo, unaopita mpakani mwa Tanzania na Zambia na kuanguka zaidi ya mita 200 katika maporomoko yake, huelekea Tanganyika. Mto Momba huelekea Rukwa, ambako pia humiminika mito ya Songwe, Lupa, Rungwa na Kavuu kutoka pande nyingine.

Ziwa Rukwa halina mto utokao. Maji yake hupungua kwa jua tu, yaani kwa kugeuka mvuke, na ndiyo maana ziwa hilo hupanuka na kusinyaa kwa kufuata mvua. Kitu kisichopaa na mvuke, wala kuoza, hubaki humo humo: majini, katika mashapo ya chini, au katika miili ya samaki. Ziwa Tanganyika linao mto utokao, nao ni Lukuga upande wa Kongo. Lakini kwa kina chake cha karibu mita 1,470, maji yaliyoingia leo hukaa humo kwa mamia ya miaka.

PFAS NI NINI

PFAS ni kemikali zilizotengenezwa na binadamu kwa kuunganisha kaboni na florini. Zilianza kuvumbuliwa katika miaka ya 1930, na hivi sasa aina zake zinahesabiwa kwa maelfu. Zimependwa viwandani kwa kuwa hazishiki maji wala mafuta na hustahimili moto mkali. Kwa sababu hiyo zimetumika katika vikaango visivyogandisha chakula, nguo na mazulia yasiyolowa, karatasi za kufungia vyakula vya mafuta, uchovyaji wa vyuma kwa kromu, na povu la kuzimia moto wa mafuta.

Sifa hiyo hiyo iliyowapendeza wenye viwanda ndiyo iliyoleta taksiri. Muungano wa kaboni na florini ni wa nguvu mno, wala vijidudu vya ardhini, jua na mvua haviuvunji kwa urahisi. Ndiyo maana watu wamezipa jina la kemikali za milele. Ikumbukwe hapa kuwa PFAS si ile floridi ya asili inayobadilisha rangi ya meno katika baadhi ya mikoa ya Tanzania. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Kuhusu afya, ushahidi mkubwa ulipatikana Marekani, kando ya mto Ohio, karibu na mji wa Parkersburg, ambako kiwanda kilitoa kemikali moja ya kundi hili, PFOA, kwa miongo kadhaa. Wakaazi wapatao 69,000 walipimwa damu. Mwaka 2012 jopo la wataalamu lilihitimisha kuwa upo uhusiano wa kuaminika baina ya kemikali hiyo na maradhi sita, yakiwemo saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi la shingo na shinikizo la damu la wajawazito. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka PFOA katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

KARIBU NA KWETU

Isidhaniwe kuwa hayo ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya maji ya ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Ilidhihirika kuwa PFAS zimo, na kuwa baadhi ya mito iingiayo ilikuwa na viwango vikubwa kuliko ziwa lenyewe. Kwa maneno mengine, mito ndiyo iliyokuwa ikizibeba kutoka mijini na viwandani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Kampala, Uganda, ulitoa funzo zito zaidi. Majitaka yalipimwa yakiingia katika mtambo wa kuyasafisha na yakitoka. Yaliyotoka yalikuwa na PFAS nyingi kuliko yaliyoingia. Sababu inayoelezwa na wataalamu ni kwamba ndani ya mtambo baadhi ya kemikali nyingine za ukoo huo huo hugeuka na kuwa PFAS zile zinazopimwa. Basi mtambo uliojengwa kwa ajili ya kinyesi na takataka za kawaida si kinga ya kemikali hizi, hata ukifanya kazi yake barabara.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya wakulima, na viwanda vyake ni vichache. Hiyo ni neema, kwani kuzuia kabla ya uchafuzi ni kazi nyepesi kuliko kusafisha baada yake. Lakini bonde la Rukwa limekwisha kuonja jambo linalofanana na hili. Katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kwa miaka mingi. Zebaki nayo haiozi. Huchukuliwa na maji na kuingia katika samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, ilhali dutu hiyo ilikuwa imekwisha kutumika kwa vizazi. Kwa PFAS bado iko fursa ya kutangulia.

NAMNA YA KUFUATILIA

PFAS hazina rangi, harufu wala ladha. Hupimwa kwa nanogramu katika lita moja, na nanogramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja iliyochanganywa katika mita za ujazo milioni moja za maji. Marekani mwaka 2024 iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA katika maji ya kunywa.

Msomaji asiyadharau mafungu haya madogo. Tuchukulie kijito kinachopitisha mita moja ya ujazo kwa sekunde, chenye nanogramu 10 kwa lita. Kwa siku moja kitapitisha chini kidogo ya gramu moja. Kwa mwaka, gramu 315. Na kwa miaka kumi, zaidi ya kilo tatu. Kikienda baharini, mzigo huo hutawanyika. Kikienda katika ziwa lisilo na mlango, hulimbikizana.

Kwa hiyo mpimaji huchukua sampuli juu ya bomba la kiwanda, penyewe bombani, na chini yake, katika masika na katika kiangazi, na kila mara hupima pia wingi wa maji yanayopita. Chupa ziwe za plastiki inayofaa, na mchukuaji asivae koti lisilolowa, maana koti hilo laweza kuichafua sampuli. Maabara hutazama pia mchanganyiko wa aina mbalimbali za PFAS, kwani povu la moto, kiwanda cha nguo na jaa la taka kila kimoja huacha alama yake. Hapo ndipo mwenye chanzo hujulikana bila ya kumsingizia jirani.

NAMNA YA KUPUNGUZA

Hatua ya kwanza ni kutoziingiza. Mtumishi anayeandaa zabuni ya povu la kuzimia moto, kwa uwanja wa ndege au bohari ya mafuta, aulize kwa maandishi kama povu hilo lina florini, na achague lisilo nayo. Mazoezi ya zimamoto yafanywe mahali palipojengewa sakafu na mtaro wa kukusanyia maji.

Hatua ya pili ni kuyatenga majitaka yenye kemikali hizi ndani ya kiwanda chenyewe, kabla hayajachanganyika na mengine, na kuyapitisha katika mkaa maalumu wa kuchujia. Mkaa uliotumika usitupwe jaani. Upelekwe kwenye tanuri la joto kali linaloweza kuziteketeza kemikali hizo.

Hatua ya tatu inamhusu mkulima. Wafipa wamesifika kwa kilimo chao cha matuta ya duara, ambamo majani hufukiwa yakaoza na kuwa mbolea. Tope litokalo katika mitambo ya majitaka ya viwandani lisitiwe katika matuta hayo pasipo kupimwa, kwani lililofukiwa humo laweza kurudi katika chakula.

Mintarafu ya sheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Mkataba huo uliiweka PFOS katika orodha yake mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinatoa nguvu za kusajili kemikali, kukagua viwanda na kudhibiti majitaka yanayomwagwa mitoni. Kwa Ziwa Tanganyika, nchi nne za Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2003.

Wananchi wanakumbushwa mambo mawili. Kwanza, kuchemsha maji hakuondoi PFAS, lakini waendelee kuyachemsha, kwani kipindupindu na homa ya matumbo huua upesi zaidi. Pili, atakayeona povu lisilo la kawaida au majitaka yakimwagwa mtoni atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au wa mtaa, akitaja mahali, siku na saa.

Ama sisi wa visiwani, maji yetu ya visima hutoka chini ya ardhi ile ile tunayoimwagia taka, na hatuna mto mkubwa wa kutuchukulia makosa yetu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa kemikali hizi, methali hiyo ichukuliwe kama ilivyo.