Jiwe jeusi halivuti kimeta

"Dokta, jiwe jeusi si linavuta kimeta?" Swali hili naulizwa na wachungaji, naulizwa na wachinjaji wa hapa Kaniama, naulizwa na akina mama wanaonunua nyama ya kupeleka Mwene-Ditu. Nimelijibu mpaka nimechoka, na mara nyingi anayeuliza huwa ameshachanjwa kidole kwa wembe ili jiwe libandikwe. Mimi ni daktari wa mifugo, kutibu watu si kazi yangu. Lakini kimeta kinawafikia watu kutoka kwa wanyama ninaowahudumia, tena jiwe lenyewe ni mfupa wa ng'ombe. Basi nitalijibu hapa kwa urefu, na anayetaka kuuliza tena asome kwanza.

Jiwe jeusi si jiwe. Ni kipande cha mfupa, mara nyingi wa paja, kilichokatwa, kikasuguliwa kwa msasa, kikafunikwa vizuri na kuchomwa katika makaa mpaka kikawa cheusi tii. Moto unakula mafuta na utando wa ndani, unaacha mfupa uliojaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo vinanyonya majimaji, ndiyo maana kipande kinanata kwenye jeraha bichi. Vikishajaa, kinaanguka chenyewe, na watu wanasema sumu imekwisha. Kibandike kwenye ulimi wako usio na jeraha: kitanata vilevile.

Baada ya hapo wanakitumbukiza katika maziwa. Mapovu yanapanda, na jamaa wote waliozunguka wanaamini wanaiona sumu ikitoka. Chukua jiwe ambalo halijamgusa mgonjwa yeyote, lianike juani likauke kabisa, kisha litie katika glasi ya maji safi. Utaona mapovu yaleyale. Maji yanaingia kwenye vitundu na kuisukuma hewa nje, basi.

Watu wengi hapa wanalijua jiwe kwa sababu ya nyoka, na hoja yao ni kwamba likiweza sumu ya nyoka litashindwaje na kipele cha kimeta? Hata hiyo ya nyoka haikusimama. Watafiti wakiongozwa na Jean-Philippe Chippaux walilipima kwa panya waliodungwa sumu ya nyoka, wakachapisha matokeo mwaka 2007: jiwe halikuwasaidia. Na kimeta ni kigumu zaidi kwa mtu anayetaka kukinyonya, kwa sababu hakuna dimbwi la sumu linalosubiri chini ya ngozi. Bakteria wake, Bacillus anthracis, wanazaliana ndani ya nyama ya mwili na kutoa sumu inayojishikiza kwenye seli na kupenya ndani yake. Sehemu moja ya sumu hiyo inaujaza mwili maji, ndiyo ule uvimbe mkubwa unaozunguka kidonda kidogo. Nyingine inaua seli. Bakteria wenyewe wanaelekea kwenye tezi za kwapa au za shingo. Mfupa uliobandikwa juu ya kidole utawafuata huko kwa njia gani?

"Lakini baba yangu alipona." Naamini alipona. Kimeta cha ngozi, hata kisipotibiwa kabisa, huua takriban mtu 1 kati ya 5. Wanne waliobaki wanapona na jiwe, wanapona na majani, wanapona na sala, wanapona bila kitu chochote. Kila mmoja wao anakuwa shahidi wa kile alichotumia, na yule wa tano yuko kaburini, hawezi kutoa ushahidi. Anayepewa antibiotiki mapema yuko mahali tofauti kabisa: hapo vifo vya kimeta cha ngozi haviifikii asilimia 1.

Kuna jambo lingine linalolipa jiwe sifa isiyo yake. Kipele cha kimeta kinaanza kama umeumwa na mdudu, kinawasha, kinatoa malengelenge, halafu katikati panakuwa gamba jeusi lisilouma. Hata ukianza antibiotiki leo, gamba litaendelea kuwa jeusi na litakaa wiki mbili au zaidi, kwa sababu ngozi iliyokwisha kuuawa na sumu haifufuki. Mgonjwa anaona vidonge "vimeshindwa", anakwenda kwa mwenye jiwe siku ya nne, gamba linadondoka wiki ya tatu, na sifa zote zinakwenda kwa mfupa.

Kinachonikasirisha kuliko yote ni wembe. Jiwe halinati kwenye ngozi kavu, kwa hiyo kidonda lazima kichanjwe. Kidonda cha kimeta hakikatwi, hakitumbuliwi, wala gamba halibanduliwi. Kukikata kunaweza kusambaza bakteria. Na wembe huohuo ukipita kwa mtu mwingine, mtu amekuja na kimeta anaondoka na pepopunda, homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Wapo wanaodhani naongelea ugonjwa wa vitabuni. Mwaka 2023, kwa jirani zetu wa Zambia, watu wa Sinazongwe waliota vidonda usoni, mikononi na vidoleni baada ya kugusa mizoga ya nyati watatu. Kufikia tarehe 20 Novemba walikuwa wameshukiwa wagonjwa 684 katika mikoa 9 kati ya 10 ya nchi hiyo, na 4 walikuwa wamekufa. Mwezi wa Aprili 2025, humu humu Kongo, kimeta kiliua viboko zaidi ya 50 kando ya mto Ishasha katika hifadhi ya Virunga. Zimbabwe, wakati wa vita vya mwisho wa miaka ya 1970, chanjo za ng'ombe zilipokatika, waliugua watu karibu 10,000.

Sasa ya kufanya. Ng'ombe, mbuzi au mnyama wa porini akifa ghafla, tumbo likavimba upesi, damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani au nyuma, usimpasue. Ndani ya mzoga uliofungwa bakteria wanakufa kwa kuoza. Ukimfungua, hewa inawageuza kuwa mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Kupika sana si jibu: aliyechuna ameshaambukizwa kabla sufuria haijapanda motoni. Ziba matundu kwa matambara, fukuza mbwa, ita ofisi ya mifugo ya territoire, mzoga uchomwe au uzikwe mita 2 chini palepale. Wanyama waliobaki wachanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka. Umeshachuna? Jioshe kwa sabuni, nenda kituo cha afya, na neno la kwanza kwa muuguzi liwe "niligusa mzoga", maana bila hilo atakuandikia dawa ya jipu. Maliza dozi yote. Ukivimba shingo au uso, ukipata homa au pumzi fupi, ni hospitali siku hiyohiyo.