Nyumba ya Unguja na Maana ya Neno Pango

Mwalimu aliyenifundisha sarufi ya Kiswahili katika kidato cha tatu alinijia ofisini mwezi wa Agosti 2025 akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa amestaafu miezi michache iliyotangulia, baada ya kutimiza miaka 60, umri ambao mwalimu wa umma hulazimika kuiaga chaki. Alikikataa kiti nilichompa, akasimama karibu na dirisha kama alivyozoea kusimama darasani, kisha akasema: “Daktari, leo mimi ndiye mwanafunzi. Nisomee karatasi hizi.” Nilimwambia kuwa mbele yake sina udaktari wowote, nikaipokea bahasha kwa mikono miwili.

Ndani mlikuwa na kijitabu chenye picha za bahari na minazi, pamoja na mkataba wa kununua nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, katika mojawapo ya miradi mipya iliyochipuka kisiwani Unguja. Mwalimu alinuia kuhamia huko na mkewe, alowee moja kwa moja. Kwa kuwa kiinua mgongo chake hakingetosha, alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kununua ekari tatu za shamba lake huko Trans Nzoia. Lililobaki lilikuwa saini ya mkewe, maana sheria yetu ya mwaka 2013 kuhusu mali ya wanandoa haimruhusu mume kuiuza mali ya ndoa pasi na idhini ya mke.

“Mama hataki,” alisema. “Anadai Zanzibar ni ng’ambo. Nimemuuliza, ni ng’ambo gani hiyo ambako watu wanazungumza lugha niliyoifundisha kwa miaka 34?”

Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu Mwalimu hayuko peke yake. Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili katika bara ya Kenya tuna Unguja yetu ya moyoni. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu (uamuzi ambao ndugu zetu Wamvita hawajausamehe hadi leo, na siwalaumu), mwalimu wa Kitale au Kisii amekuwa mtoto wa Unguja kwa vitabu. Ameisahihisha midomo ya maelfu ya wanafunzi kwa kipimo cha mji ambao huenda hajautia mguuni. Je, ni ajabu basi akistaafu na kutaka kwenda “kwao”?

Nilianza kusoma. Kijitabu kilikuwa kimeandikwa kwa maneno matamu, na neno “miliki” lilijirudia katika kila ukurasa. Mkataba nao ulikuwa na kichwa kilichotaja pango la muda mrefu. Nilimuuliza Mwalimu iwapo aliliona neno hilo. Alijibu kuwa aliliona, ila alidhani ni kosa la mpiga chapa. Kwetu Kenya, ndugu msomaji, ukitaja pango watu watafikiria popo, au yale mapango ya Shimoni wanakopelekwa watalii. Lakini Tanzania pango ni malipo ya nyumba au ardhi uliyopanga. Mtu hulipa pango kila mwezi, na asipolipa hutimuliwa. Nomino hii imetokana na kitenzi kupanga, kitenzi kile kile kilichotupa mpangaji. Mwalimu aliyetuchosha kwa mazoezi ya kuunda nomino kutokana na vitenzi hakuhitaji maelezo zaidi. Alinyamaza kwa kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: “Kwa hivyo mimi hapa ni mpangaji?”

Ndivyo, na si kwa hila ya muuzaji. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Zanzibar ilitaifisha ardhi yote, na mashamba yakagawanywa kwa wakulima kwa ekari tatu tatu. Kwa sadfa, hizo ndizo ekari ambazo Mwalimu alitaka kuziuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ilikariri kuwa ardhi ni mali ya umma. Mzanzibari hupewa haki ya kuitumia, na asiye Mzanzibari huipata kwa njia ya ukodishaji, aghalabu kupitia miradi ya uwekezaji. Sheria ya mwaka 2010 iliyohusu majengo ya ghorofa ndiyo iliyofungua mlango kwa wageni kununua nyumba moja moja ndani ya jengo, na ile ya uwekezaji ya mwaka 2023 ikaongeza kivutio kwa kumpa kibali cha ukaazi mgeni anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa. Kwa hivyo mgeni huwa na kuta, sakafu na dari, na udongo ulio chini ya jengo huwa wa watu wengine. Hata Mtanzania kutoka Bara, asiyehesabika kuwa Mzanzibari kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1985, hana njia ya mkato.

Mwalimu aling’aka. “Sisi si Jumuiya moja? Mkataba wa 1999 ulitiwa saini wa nini?” Nilimjibu kuwa hata Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilipofika kwenye suala la ardhi iliinua mikono. Kifungu chake cha 15 kinasema mambo hayo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Na wa kwanza kuitumia fursa hiyo tulikuwa sisi wenyewe. Mwezi uliofuata, Agosti 2010, tuliipitisha Katiba ambayo kifungu chake cha 65 kinamzuia asiye raia kuwa na ardhi ya Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Mwitaliano mwenye jumba lake la kifahari Malindi ni mpangaji kama Mwalimu atakavyokuwa Unguja. Hatuwezi kufunga mlango wetu kisha tukalalamika kuwa wa jirani umefungwa.

Tena upangaji huu una historia ambayo vijana wa shule wangefaa kuijua. Kwa mkataba wa mwaka 1895, Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili kumi, Mombasa ikiwemo, na kumlipa Sultani wa Zanzibar pauni 11,000 kila mwaka. Ni Oktoba 1963, wiki chache kabla ya uhuru wetu, ambapo Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua za kuufunga ukurasa huo. Kwa miaka 68, basi, bandari kuu ya Kenya ilikuwa ya kulipiwa pango. Mwalimu alicheka kidogo niliposema hivyo. Hicho kilikuwa kicheko chake cha pekee siku hiyo.

Nilitaka kumfariji kwa kumwambia kuwa miaka 99 ni mingi kuliko umri wa binadamu. Nikajizuia, kwa maana nalijua lile shamba. Baba yake alilipata miaka ya sitini, wakati mashamba ya walowezi wa Kizungu yalipokatwakatwa na kugawiwa Waafrika chini ya mpango wa ekari milioni moja. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915 ilikuwa imewaruhusu walowezi wa nyanda za juu wapewe hati za miaka 999. Miaka 999! Haikutimia hata hamsini kabla hati hizo hazijaanza kubadilisha mikono. Baba yake naye alikuwa mlowezi kwa namna yake, kwa kuwa alitoka Bungoma na hakuwa na mtu hata mmoja Trans Nzoia. Lakini alizikwa pale, na makaburi ya wazee wote wawili yamo katika zile ekari tatu.

Hapo ndipo nilipoelewa kukataa kwa Mama. Hakuwa akipinga bahari. Nilimpigia simu jioni ile, nikamsalimu, naye akanieleza kuwa alimuuliza mumewe swali moja tu na hakupata jibu: “Mmoja wetu akifa, atazikwa ghorofa ya ngapi?”

Mtu anaweza kulidharau swali hilo kuwa la kijijini, lakini liliwahi kuisimamisha nchi nzima. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi na ukoo ukataka azikwe Siaya. Kesi iliendelea hadi Mei 1987, na sehemu kubwa ya mabishano ilihusu iwapo nyumba aliyoijenga mtu mjini yaweza kuitwa kwake. Kijaluo kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo. Kiswahili chetu hutofautisha kwa kiambishi kimoja tu cha mahali, -ni. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuwa ukiambatisha kiambishi hicho, nyumba huacha kuwa kitu na kuwa mahali. Muuzaji wa kijitabu alikuwa akiuza nyumba. Mama alikuwa akiuliza habari za nyumbani.

Lugha vilevile haikuwa imara kama Mwalimu alivyofikiri. Mimi nimekwenda Unguja mara kadhaa kwa utafiti, na kila mara nikifungua kinywa sokoni Darajani mwuzaji hunikaribisha kama Mkenya kabla sijamaliza sentensi. Sijakosea sarufi, la hasha! Ni ile sauti ya kitabuni. Naomba mkate wakati wenzangu wanataka boflo, nasema shule wanaposema skuli, natafuta ploti na wao wana viwanja. Hawanidharau, bali hunitendea kwa adabu kubwa. Na ni adabu hiyo inayonikumbusha mimi ni nani. Neno mwenyeji linaaminiwa kuwa limetokana na mwenye mji, na mji hauji kwa kufaulu mtihani wa isimu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tazama kwamba jembe ndilo analopewa. Shamba halikutajwa.

Yapo na mambo makavu ambayo hayahitaji isimu. Bei ya nyumba ile ilikuwa kwa dola na pensheni ya Mwalimu ni ya shilingi za Kenya. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na mwishoni mwa mwaka huo huo ilikuwa karibu 129. Nyumba ya dola 100,000 basi ilitoka milioni 16 hadi takriban milioni 13 bila kuhama mahali, na yaweza kupanda vivyo hivyo. Mwalimu alikuwa pia na ndoto ya kufungua kibanda cha vitabu na kufundisha watoto jioni. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini kuingia si kuishi, na kuishi si kufanya kazi. Kila moja ina karatasi yake. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza aina 15 za biashara ambazo mtu asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na Kenya ikalalamika. Visiwani wana sheria zao za leseni, lakini mwenye kusoma alama za nyakati ataona upepo unakovumia.

Sikumwambia asiende. Nani angethubutu kumwambia mwalimu wake aliyevuta hewa ya chaki miaka 34 kuwa hastahili upepo wa bahari? Nilimwomba mambo matatu. Asiuze ekari zile kwanza. Amtafute wakili wake mwenyewe wa Zanzibar, asitumie yule wa muuzaji, ili ahakikishe kuwa mradi umesajiliwa na mamlaka ya uwekezaji, ZIPA, na amweleze ada za kila mwezi za jengo na nani atarithi muda utakaosalia iwapo wao wataondoka duniani. Na zaidi ya yote, wakapange kwanza, yeye na Mama, waonje msimu mmoja wa kusi na mvua ya vuli kabla ya kutia saini chochote.

Alinitazama kwa muda mrefu kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyejibu sawa kwa sababu asizozipenda. Kisha akaniachia ile bahasha. “Iweke,” akasema. “Nyumbani Mama ataichoma.”

Waliondoka Septemba kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha wakavuka kwa boti. Walikusudia kurejea Novemba kuvuna mahindi. Baada ya wiki mbili nilipata ujumbe wake kwenye simu, ulioandikwa kwa vituo vyote na herufi kubwa mahali pake. Alieleza kuwa wamepata vyumba viwili upande wa pili wa Mji Mkongwe, kwa bibi mmoja mjane anayemwita Maalim wa Kenya na kumfundisha Mama kupika mkate wa kumimina. Mtaa huo, msomaji wangu, una jina la tangu zamani. “Mama alisema kweli,” ujumbe ulimalizia. “Tumepanga Ng’ambo, na pango tumelipa la miezi miwili.”